Bamba la Upande wa Kushoto

Samuye,
4 Machi 2024

Fundi Pantaleo,

Shikamoo. Hunifahamu. Naitwa Apolonia, watu huniita Mama Noela. Mimi ni mke wa Bujiku, yule aliyeacha Land Rover ya kijani kwenye karakana yako hapo Runzewe mwaka jana, ile ya zamani ya kubebea mizigo. Namba yako niliikuta kwenye simu yake. Nilipopiga alipokea mwanamke, akaniambia, “Mama, huyu mume wangu hasikii. Karasha za kusagia mawe ya dhahabu zimemla masikio. Mwandikie barua umpe kondakta wa basi. Kusoma anapenda kuliko kula.” Nikacheka, na nilikuwa sijacheka muda mrefu. Basi naandika.

Bujiku amefariki. Alirudi nyumbani kwa basi, akaniambia gari limekatika chasisi njiani na ameliacha kwa fundi asiyesikia ila ana mkono safi, na kwamba atalirudia. Jioni ile ile homa ikampanda. Tulimzika mwezi wa tisa. Nisamehe kwa kuchelewa kukuarifu. Mtu akifa unawaza kuwaambia ndugu, unawaza kanisani, huwazi kwamba kuna fundi mahali anangoja mtu arudi.

Naomba unijibu. Gari bado lipo? Na je, linaweza kurudi Samuye kwa magurudumu yake lenyewe, bila kuvutwa? Hilo la pili nakuomba ulijibu baada ya kulitazama vizuri.

Ukikuta vijiko vya chai humo ndani, ni vyangu. Kila asubuhi alitoka na kikombe chake, akalala chini ya gari, akawa anagongagonga vyuma kwa kijiko na kusikiliza. Chai ilipoa, kijiko hakikurudi jikoni.

Ni mimi,
Apolonia, Mama Noela


Runzewe,
15 Machi 2024

Mama Noela,

Marahaba, na pole. Pole sana. Barua yako nimemsomea mke wangu Serafina. Nadhani nilipaza sauti kupita kiasi, maana majirani nao wamekuja kutoa pole.

Gari lipo. Kuku wa Serafina wanatagia kwenye kiti cha dereva na mimi nimewavumilia, kwa sababu nilidhani mwenyewe amelitelekeza. Wateja wangu huwa wanaandika kwa chaki kwenye mlango wa bati wa stoo, huo ndio mdomo wao. Siku ile Bujiku aliandika kwa herufi kubwa: USICHOMELEE. NITAKUJA KUCHOMELEA MWENYEWE. Halafu akanitikisia kidole. Nilikasirika, sikufichi. Mtu analeta gari kwa fundi halafu anamkataza fundi kuligusa! Angelipeleka basi kwa muuza nyanya. Lakini maneno yake sikuyafuta. Yapo mlangoni hadi leo, na wateja wengine wanaandika pembeni yake.

Swali lako la pili silijui. Siwezi kulala chini ya gari nililokatazwa bila ruhusa, na mwenye ruhusa sasa ni wewe.

Ingawa nimechungulia. Kidogo tu, na tochi. Mama Noela, yule bwana alikuwa mtu wa namna gani? Chini ya gari lile kuna chuma juu ya chuma juu ya chuma kingine. Kuna vipande naona ni majani ya springi za lori. Kuna vingine sivitambui kabisa. Nimeshika kazi hii tangu ujana na sijapata kuona chasisi iliyovalishwa hivyo. Vyuma hivyo alivitoa wapi? Alichomelea na nani?

Vijiko vipo. Ni vingi.

Pantaleo


Samuye,
26 Machi 2024

Fundi Pantaleo,

Mwangaluka, kama tunavyosalimiana huku asubuhi. Ruhusa nimekupa. Lala chini utakavyo.

Umeniuliza alikuwa mtu wa namna gani. Nimekaa na swali hilo siku nzima nikichambua karanga. Alikuwa mtu ambaye ukimwambia kiti kimevunjika mguu, hatengenezi mguu, anakaa kwanza kwenye hicho kiti aone kinaangukia upande gani.

Gari alilinunua kabla Noela hajazaliwa, kwa mzee mmoja wa Shinyanga mjini aliyekuwa akinunua pamba. Watu wote walimwambia limeoza kwa ndani, kwa sababu chasisi ya gari lile ni kama boksi refu, tope likiingia halitoki. Yeye akasema ataiongezea nguvu. Majani ya springi aliyaokota kwenye malori yaliyokufa pale Tinde. Hivyo usivyovitambua nadhani ni moko. Ujana wake alichimba huko Geita, na aliporudi hakuwa na dhahabu, alikuwa na mzigo wa moko, zile fimbo za chuma wanazopasulia mwamba. Mama yake alilia. Alizipasha kwenye moto wa mkaa, akazigonga hadi zikawa bapa, akazifanya mabamba. Alikuwa akisema chuma kilichoshinda mwamba hakiwezi kushindwa na barabara ya Samuye.

Kuchomelea alichomelea mwenyewe, kwa mashine ya kuazima kwa Ndaki, jirani yetu mwenye mashine ya kusaga. Babu yake mzaa mama alikuwa wa Walongo, wale wahunzi wa majembe wa upande wa Geita, na ndiye aliyemlea. Kwa hiyo alijiona mhunzi. Nadhani ndiyo maana ya maneno ya mlangoni kwako. Mjukuu wa mhunzi kumpa chuma mtu mwingine ilikuwa aibu kwake. Usimkasirikie.

Nimempa kondakta mfuko wa matobolwa, viazi vya kuchemsha na kukausha. Yakifika pungufu muulize yeye.

Apolonia


Runzewe,
10 Aprili 2024

Mama Noela,

Matobolwa yamefika pungufu. Nimemuuliza. Ameangalia pembeni.

Nimelala chini ya gari kwa siku kadhaa. Nimesugua chasisi yote kwa brashi ya waya, nikaipaka mafuta ya taa, nikayafuta, kisha nikapaka chokaa. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa hutoka tena yakalowesha chokaa, na hapo kila ufa unajichora wenyewe. Nimeona mengi.

Mumeo alikuwa akiiua chasisi huku akidhani anaitibu. Kila alipochomelea bamba, pembeni mwa mchomo kuna ufa ulionyooka kama umekatwa kwa kisu. Akiuona ufa, aliweka bamba jingine juu. Pembeni mwa hilo ukatokea ufa mwingine. Angeliacha gari bila kulifanya lolote lingemdumu zaidi.

Isipokuwa bamba moja. Lipo upande wa kushoto, nyuma ya kiti cha abiria, lina rangi ya bluu. Chuma ni kile kile cha moko, mkono ni ule ule, mchomo una mawimbi yale yale kama kuku amepita kwenye tope. Nimelipaka mafuta, nimelifuta, nimelipaka chokaa: safi. Hakuna ufa hata wa unywele. Kwa nini hili moja? Nalitazama nikinywa uji, nalitazama nikifunga karakana. Serafina anasema nimeanza kuongea peke yangu, na kwa kuwa sijisikii, sina namna ya kumbishia.

Pantaleo


Samuye,
18 Aprili 2024

Fundi,

Barua yako nimeisoma mara moja tu, nikaifunika kwa sahani.

Huyo unayemwandika kwamba alikuwa akiua, nguo zake bado ziko kwenye sanduku langu na nimeshindwa kuzigawa. Jambo linaweza kuwa kweli na bado likaandikwa kwa namna nyingine.

Kuna kitu sikukuambia, kwa sababu sikutaka kukubebesha mzigo wa nyumbani kwetu. Mwezi wa saba, watu wakishavuna, ukoo utakaa kikao. Luka, mdogo wake Bujiku, anasema gari ni chuma chakavu, na ameshaongea na mnunuzi wa Nyahanga, pale Kahama, aje alikate vipande. Na mimi nihamie kwenye kaya yake, kwa sababu mwanamke peke yake atakula nini. Nilimwambia nitabeba karanga na viazi vya watu kwenda soko la Shinyanga. Kuendesha najua, Bujiku alinifundisha, na leseni ninayo. Luka akacheka mbele ya wazee, akasema, “Shemeji, likirudi kwa magurudumu yake ni lako, na nyumbani kwako kaa. Likirudi kwa kamba, tusisikie tena habari hii.” Wazee wakaitikia.

Luka si mtu mbaya. Ndiyo maana ni vigumu kumkatalia.

Sasa wewe unatafuta fumbo, mimi natafuta gari. Kama haiwezekani, andika tu haiwezekani, nianze kufunga vyombo vyangu taratibu.

Apolonia


Runzewe,
25 Aprili 2024

Mama Noela,

Nisamehe. Mtu asiyesikia anasahau kwamba maneno yana sauti. Serafina amesoma nakala ya barua niliyokuandikia, maana huwa naanza kuandika kwa penseli, akanitazama kama ananitoa ngozi.

Na mimi nilikuficha. Siku niliyomaliza kupaka chokaa nilitaka kukuandikia kwamba haiwezekani. Kalamu nilikuwa nimeshaishika. Bamba la bluu ndilo lililonizuia, na sikukueleza vizuri. Acha nieleze.

Nyufa zile zinaweza kuwa na sababu mbili. Ya kwanza, chuma cha chasisi chenyewe kimechoka. Chuma huchoka kama mtu. Kikishachoka hakina dawa, hata nikiweka bamba la dhahabu kitapasuka pembeni yake, na siwezi kukupa gari la namna hiyo ukapakie watu na mizigo. Sababu ya pili, chasisi bado ina uhai, ila namna ya kuchomelea ndiyo iliyoipasua. Hapo naweza kuyatoa yote, nikaziba nyufa, nikaanza upya. Chini ya bamba la bluu chasisi ni nzima kabisa. Kwa hiyo nikijua siku ile alifanya nini tofauti, nitajua ni sababu ipi. Nisipojua, nitakuwa nabahatisha, na wewe ndiye utakayekaa kwenye usukani.

Fumbo na gari ni kitu kimoja, mama.

Jaribu kukumbuka siku aliyoweka bamba hilo la bluu. Na uniandikie alivyokuwa akifanya siku nyingine zote, tangu anaanza hadi anamaliza. Hata kitu unachoona ni upuuzi usikiache. Siwezi kumuuliza yeye. Nimebaki na wewe.

Pantaleo


Samuye,
6 Mei 2024

Fundi Pantaleo,

Yameisha. Mimi si mtu wa kuweka moyoni.

Siku za kuchomelea zilikuwa kama sikukuu. Alilipandisha gari kwenye magogo, Ndaki akaja na mashine kwenye mkokoteni wa ng’ombe, watoto wa jirani wakajazana, na mimi nikiwafukuza wasitazame ule moto. Alichomelea kidogo, akainua miwani, akaniita, “Mama Noela, maji!” Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilikaa kwenye kigoda na beseni. Nilimpa kata, akamwaga juu ya mchomo ukiwa bado mwekundu. Tsssss! Mvuke ukapanda, watoto wakashangilia, na harufu ikatoka kama ya jembe jipya. Alicheka kama mtoto mwenzao. Alisema babu yake alimfundisha kwamba chuma kikitoka motoni lazima kinyweshwe, ndipo kinakuwa na moyo. Hivyo ndivyo wahunzi wao walivyofanya majembe. Alifanya hivyo kila mchomo, miaka yote, sijawahi kumwona akiacha.

Isipokuwa siku ya rangi ya bluu.

Rangi ile ni ya mlango wetu. Noela alikuwa anapata komunyo ya kwanza, nikaupaka mlango, kopo likabaki na rangi kidogo chini, Bujiku akaifutia kwenye bamba lake. Mwaka ule mvua iligoma. Lambo la Samuye lilibaki tope, ng’ombe walikuwa wanalamba nyufa. Maji tulichota mbali, tulitoka alfajiri na kurudi jua limekaza. Siku hiyo nafika na ndoo kichwani, shingo haigeuki, namkuta amemaliza kuchomelea. Akanyoosha mkono kwenye ndoo hata sijaitua.

Nikamwambia, “Baba Noela, maji haya hayanyweshi chuma.”

“Kata moja tu.”

“Hata moja. Mtoto hajaoga.”

“Chuma bila maji hakiwi chuma, mama we.”

“Basi kiwe udongo!”

Ndaki alikuwepo, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkokoteni. Bujiku akaenda jikoni, akachota majivu ya moto kwenye karai, akalifunika bamba lake lote kwa hasira, kama mtu anayefukia kitu asikione. Likalala hivyo hadi kesho yake. Akaniambia, “Hili ndilo litakuwa la kwanza kupasuka. Na siku hiyo nitakuita uje uone.”

Hakuniita. Miaka ikapita, kila akilala chini na kijiko chake alianzia upande wa kushoto. Nilikuwa namwona kupitia dirisha la jiko, miguu tu imetokeza. Akitoka huko alinipa mgongo, anajifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyochafuka. Mimi nilijua amenuna bado.

Je, kuna kinachokusaidia katika haya?

Apolonia


Runzewe,
15 Mei 2024

Mama Noela,

Kipo! Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Serafina akadhani kuna msiba.

Sikiliza. Jembe linataka kuwa gumu, likate ardhi. Ukilitumbukiza kwenye maji likiwa jekundu linakuwa gumu, na wahunzi wale walijua walichokifanya. Lakini chasisi haitaki kuwa ngumu hivyo. Inatakiwa ikubali kidogo kila gari linapoingia shimoni, halafu irudi mahali pake. Chuma cha moko na cha springi ni kigumu tayari. Ukikiyeyusha na kukimwagia maji, pembeni mwa mchomo kinageuka kama glasi. Kinapasuka, na ufa ukishaanza kwenye bamba unaendelea hadi kwenye chasisi. Bujiku aliitendea chasisi kama jembe. Sioni fundi mwingine ambaye angekosea kwa namna hiyo, maana hakuna mwingine aliyefundishwa na babu yake.

Na majivu yanakipoza chuma polepole. Mimi mwenyewe nikichomelea chuma kigumu nakifukia kwenye majivu. Wewe na hasira za mumeo mlifanya sawasawa, bila kujua.

Kwa hiyo chasisi ina uhai. Nimeanza kuyakata mabamba yote kwa grenda. Nitatumia bamba la chuma laini. La bluu sitaligusa.

Sasa kuna jambo limenijia jana na sijui kama nafanya vizuri kukuandikia. Siku ile Bujiku alipoleta gari, baada ya kuandika mlangoni, aliondoka kama anakwenda stendi, halafu akarudi. Akanivuta mkono hadi nyuma ya nyumba, pale Serafina anapomwaga majivu ya jikoni. Akanionyesha lile rundo. Akajigonga kifua, akaonyesha gari, akaonyesha tena majivu, akakunja mikono kama mtu anayeomba. Nikaitikia kwa kichwa, achukue akirudi. Nilidhani anataka ya bustani. Nikamwambia Serafina kuna bwana wa Samuye anataka mbolea.

Hakuwa anataka mbolea, mama.

Pantaleo


Samuye,
24 Mei 2024

Fundi,

Barua yako ilinikuta nikipepeta mpunga wa jirani. Nilikwenda kuisomea nyuma ya ghala.

Kwa hiyo alijua. Alikuwa analitazama lile bamba kila asubuhi, halipasuki, mengine yanapasuka, na hakuniambia kwamba nilishinda. Mimi nikimtengea chakula nikiwaza amenuna, kumbe anatafuta pa kuanzia. Alichagua kuchomelea hapo kwako kwa sababu nyumbani angetumia majivu yangu nami ningemuuliza ni ya nini.

Nimecheka, kisha nikalia, kisha Martina jirani yangu akaniita nikaendelea kupepeta. Nguo zake nimezitoa kwenye sanduku. Koti nimempa Ndaki.

Nilikuambia aliona aibu kumpa mtu mwingine chuma chake. Nilikosea. Alitaka tu kufanya mwenyewe lile nililomfundisha. Endelea na kazi. Majivu yapo?

Kikao kimepangwa Jumapili ya tatu ya mwezi wa saba. Yule mnunuzi wa Nyahanga amealikwa aje na mitungi yake ya gesi.

Apolonia


Runzewe,
29 Juni 2024

Mama Noela,

Majivu yapo. Serafina amewatangazia majirani, wanatuletea kwa ndoo.

Gari limekamilika. Nililiweka sawa kwenye magogo kabla ya kuchomelea, nikapima kwa kamba kutoka kona hadi kona, ili lisipinde. Nilichomelea kushoto kidogo, kulia kidogo, bila pupa. Kuku wamehamishwa na wamenuna.

Njoo na Noela. Kabla hujaondoka nataka uingie nami chini ya gari, nikuonyeshe kila bamba na kwa nini liko hivyo. Usinitumie mtu mwingine. Gari ni la dereva anayelifahamu chini.

Na shemeji yako huyo, Luka, atataka kujaribu. Mwache ajaribu. Mwambie apakie mzigo, halafu upandishe gurudumu moja la mbele juu ya jiwe au tuta, mengine yabaki chini. Hapo chasisi mbovu inajipinda kama kamba ya nguo, milango inakwama au inafunguka yenyewe. Chasisi nzuri inakaa, mlango unafunguka na kufungwa kama umeegesha kanisani.

Maneno ya mlangoni nimeyafuta juzi. Nilimwomba Bujiku ruhusa kwanza.

Pantaleo


Samuye,
22 Julai 2024

Fundi Pantaleo,

Shikamoo. Wabeja, asante sana wewe na mama Serafina kwa ule ugali na kuku. Noela anasema yule kuku alikuwa na ladha ya kiti cha dereva.

Tulifika salama. Baada ya Kahama nilianza kuimba, na kabla ya hapo nilikuwa nimeshika usukani kama mtu anayezama.

Jana watu walikusanyika. Mnunuzi alikuwa amefika mapema, mitungi yake imeegemea mti, miwani ya kukatia ameshaivaa kichwani. Nilikuwa nimeliacha gari kwa Ndaki. Walipoanza kunizungumzia kama sipo, nikaomba ruhusa ya kutoka. Niliporudi nilirudi na gari. Wazee walisimama. Watoto walikimbia mbele yangu kama wanaongoza harusi.

Luka akasema, “Limekuja lenyewe?”

“Unaona kamba?”

“Tupu hata kopo linatembea. Tulipakie.”

Wakapakia mpunga wake mwenyewe, gunia juu ya gunia, hadi Ndaki akasema, “Luka, sasa unamwonea nani, gari au shemeji yako?” Nikaendesha hadi kwenye tuta la shamba, nikapandisha gurudumu la kulia juu kabisa, gari likainama kama ng’ombe anayetaka kukaa. Nilihisi jasho hadi kwenye nyayo. Nikamwambia Luka afungue mlango. Akafungua. Akafunga. Akafungua tena kwa nguvu, akaufunga taratibu. Akazunguka upande wa pili, ikawa hivyo hivyo. Yule mnunuzi akavua miwani yake kichwani, akaanza kukunja mipira ya gesi bila kuambiwa.

Luka alivua koti, akalitandika chini, akaingia mvunguni. Alikaa huko muda mrefu. Halafu nikasikia sauti yake, na haikuwa sauti ya kikao. “Shemeji, njoo. Haya mabamba, mbona ncha zake zimechongwa kama mdomo wa samaki?”

Nikalala kando yake na kitenge changu kizuri. Nikamwambia ncha ikikatwa wima, mtikisiko wote unagonga mahali pamoja, na chuma kinakatika hapo. Ikichongwa mshazari, nguvu inapita kidogo kidogo hadi inaisha. Akapitisha kidole. Akauliza kwa nini mchomo haukuvuka chasisi kutoka juu hadi chini, nikamweleza. Akauliza lingine, nikamwambia hilo sijui, nitamwandikia fundi. Tulikuwa tumelala pale kama watoto, wazee wanainama kutuchungulia, mmoja anauliza kama tumeumia.

Tulipotoka alijipangusa, akawaambia, “Ni lake.” Hakuna aliyetaja tena habari ya kuhama. Kikao kilihamia kwenye ng’ombe na mipaka ya mashamba, na mimi nikaenda kupakua chakula.

Jioni alipokuwa akiaga alisimama mlangoni, akakohoa, akaniuliza kama kesho ninaelekea upande wa mnadani. Nikamwambia naelekea, tena mapema, ila kiti cha mbele nimemwahidi Martina na karanga zake.

Leo asubuhi ameketi nyuma, fundi, pamoja na mbuzi wa watu. Nilimtazama kwenye kioo njia nzima. Kila tulipopita shimo alikuwa akiinamia sakafuni kusikiliza.

Ni mimi,
Apolonia